Bibi Bado na Mgunga wa Onur

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Shamma, lakini katika Korongo la Adarowi waliolikumbuka walikuwa wazee wachache tu. Wengine wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Bado, na jina hilo alilipata kutokana na jibu.

Kwetu sisi, watu wa milima iliyo nyuma ya Bahari ya Shamu, mti mbichi haukatwi. Anayetaka mkaa hungoja mti ufe wenyewe. Taabu ni kwamba mgunga una tabia ya kujikausha wakati wa ukame: hupukutisha majani yote, ukasimama miaka kadhaa kama mifupa, kisha mvua moja ikauamsha. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuulizwa iwapo mti fulani umekufa au umelala. Mtu huyo alikuwa Shamma, na jibu lake, karibu kila mara, lilikuwa neno hilo moja.

Palikuwa na mzee aliyeitwa Hamadab, aliyekuwa na mgunga mkavu nyuma ya kambi yake na uchu mkubwa wa mkaa. Kila mwaka alituma mtu. "Nenda kamuulize yule mwanamke, leo je?" Mjumbe alikwenda, akarudi. "Kasema bado." Mwaka uliofuata, bado. Uliofuata tena, bado. Mwishowe mzee Hamadab akafariki dunia yeye mwenyewe, na kabla matanga hayajaanuliwa, mgunga ule ukatoa majani. Binamu yake mmoja, mtu wa mzaha asiyejua pa kuuweka mzaha wake, akasema pale pale msibani, "Mzee kaenda, mti bado!" Wafiwa walicheka hata wakajifunika nyuso kwa nguo zao. Tangu siku hiyo Shamma hakuwa Shamma tena. Hata mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akiita kutoka nje ya hema, "Bado, kahawa vipi?" naye akijibu kutoka ndani, "Bado," nao wakacheka wawili.

Elimu yake aliipata kwa bibi yake mzaa baba, mwanamke aliyepoteza macho akiwa na umri wa kati, akabaki na vidole na pua. Bibi huyo alikuwa akimtia mjukuu kijiti mkononi na kumuuliza, "Nini hiki?"

"Mgunga."

"Mgunga upi? Ukimwita mtu 'mwana wa Adamu' ataitika nani?"

Basi mtoto alipapasa. Huu una miiba mirefu myeupe na mingine mifupi iliyopinda kama kucha ya paka, huo ndio wenye kichwa cha mwavuli na maganda yaliyojisokota. Ule una gome la rangi ya kijani-njano lenye kubanduka kama ngozi ya mgonjwa, huo ni mwingine. Jina pekee halikutosha. "Ukitaja jina la mti usitaje kazi yake," bibi alisema, "umemwita mgeni bila kumkaribisha." Hivyo Shamma alijifunza mkunazi kwa majani yake ya kuoshea maiti na nywele za bibi arusi, mjunju kwa tunda lake linalonyonywa na watoto, na kokwa yake inayokamuliwa mafuta, mswaki kwa mizizi yake na kwa majani yanayopondwa na kubandikwa juu ya goti lililovimba, mlonge wa majabali kwa mbegu zenye mafuta ya kupaka nywele, mkoche kwa miyaa ya mikeka ambayo kwetu ndiyo ukuta na paa. Mgunga ulikuja mwisho, kwa sababu kazi zake hazihesabiki: maganda na majani ni chakula cha mbuzi, gome hulainisha ngozi ya kiriba, utomvu hutafunwa, kuni zake hutumiwa na wanawake kujifukiza. Mwenye mgunga, alisema bibi, ana ghala, duka la dawa na ndugu.

Alijifunza moshi pia. Aliweza kuketi mlangoni mwa hema lake asubuhi, akavuta pumzi, akataja nani anapikia kuni gani. Baadhi ya majirani hawakuipenda sana habari hii.

Miti yote ya sehemu ya juu ya Adarowi ni ya ukoo wa Onur. Watu wa Bado walikuwa wakiishi hapo tangu zama za baba mkwe wake kwa idhini tu: walikunywa kisima, walipukutisha migunga kwa upembo, ile fimbo yenye kulabu, ili mbuzi wale, na walijenga mahema yao kwenye changarawe. Idhini hiyo ilikuwa na sharti moja lisiloandikwa popote na lisilosahauliwa na mtu. Siku mgeni atakapokata mti ulio hai, idhini imekwisha, atafute korongo jingine. Na korongo jingine, katika mwaka wa ukame, halipo.

Kwenye ukingo wa mashariki ulisimama mgunga mkubwa wa Onur, mkavu kwa miaka mingi. Hadal, mwana wa pekee wa Bado, aliuomba. Alikuwa ameoa karibuni, ana mbuzi kidogo, na mkaa ungemsaidia. Onur, mkuu wa ukoo ule, alimjibu kwa maneno machache, kama ilivyo kawaida yake: "Mama yako akisema umekufa, ukate."

Bado hakuwa na haraka. Kanuni ya bibi yake ilikuwa kwamba mti hauitwi maiti mpaka upite mvua bila kujibu. Majira ya baridi yalipofika alikuwa amelazwa na goti lililovimba, hawezi hata kujikokota hadi mlangoni, na ni Hadal aliyemletea habari. Kwetu habari huombwa kwa utaratibu na hutolewa kwa utaratibu: mbingu kwanza, kisha ardhi, kisha miti, kisha mifugo, mwisho watu. Hadal alisema mbinguni palikuwa na radi kwenye vilele, mvua ikanyesha, na ardhini korongo likatiririka. Bado akashukuru. Aliuliza kuhusu mbuzi, akauliza kuhusu mke wa Onur aliyekuwa mgonjwa, na habari ikaishia hapo.

Goti lilipopona, alikwenda mwenyewe. Migunga mingine ilikuwa imeshika kijani. Ule wa mashariki ulikuwa mkavu vilevile. Akavunja kijiti, kikalia kama mfupa. Akakwangua gome kwa kucha, akakuta pakavu hadi ndani. Kisha akasema neno ambalo Hadal alikuwa hajapata kulisikia kinywani mwake: "Umekufa."

Hadal alikata, akajenga tanuri, akachoma. Siku ya mwisho, zamu ya shina la chini ilipofika, upepo ulileta moshi hadi mlangoni kwa Bado. Ulikuwa mzito, mweupe, wenye utamu kidogo nyuma yake, kama wa kuni mbichi. Mkono wake, uliokuwa ukisuka, ukasimama. Kisha akajiambia ni umande tu, umeingia katika kuni, akaendelea kusuka.

Mwaka ukapita. Ikaja baridi nyingine na mvua haba, na baada yake akaja Nuriya.

Nuriya ni dada mkubwa wa Onur, mjane, mwenye ulimi wa kuchonga na macho yenye ukungu. Alifika kwa Bado asubuhi, akaketi, akaachwa apumzike kama desturi inavyotaka. Bado alikuwa akishona mkeka mpya wa paa. Aliusukuma kando, akakaanga kahawa, akaitwanga pamoja na tangawizi, akaitia katika jabana, birika letu la kahawa, na kuiweka juu ya makaa. Walipokunywa kikombe cha kwanza, akauliza habari.

"Mbinguni shwari," alisema Nuriya. "Ardhini mvua kidogo, umeiona mwenyewe. Kwenye miti..." Akageuza kikombe. "Shoga, kwenye miti kuna jambo. Pale kwenye kisiki mlichokata, pana kijani."

"Kijani gani?"

"Ungekuwa unamuuliza mwenye macho. Mimi nimeambiwa, nikaenda, nikapapasa, nikachomwa. Kina miiba, basi mgunga."

"Kiko kwenye kisiki, au kando ya kisiki?"

"Hatua ya kuku. Wengine wanasema kimetoka kwenye mzizi, mti ulikuwa hai. Wengine wanasema ni mche tu, mbuzi kanya mbegu pale. Kila mtu kawa fundi wa miti siku hizi." Nuriya akainyoosha mikono yake juu ya makaa. "Onur hajasema kitu. Na akinyamaza namjua, heri apige kelele. Amemwita mzee Okir, msuluhishi, aje asikilize siku ya tatu. Wameulizana nani ataamua ni mzizi au ni mche, na pande zote mbili, ukoo wetu na wenu, wametaja jina moja."

"Nani?"

"Nani! Kwani pana mwingine anayeamsha na kulaza miti katika nchi hii?"

Bado alimimina kikombe cha pili. Kahawa ilimwagika kidogo kwenye sinia, jambo ambalo Nuriya hakuliona, au alijifanya hakuliona.

Siku zile za kungoja, Bado hakulala vizuri wala hakula. Uji mzito wa mtama na maziwa ulipoa mbele yake. Alijishughulisha na mkeka. Mkeka wa paa hushonwa kwa kuunga ukili kwa ukili, yaani utepe wa miyaa kwa utepe, na mshono ukipotea mmoja, maji yatapita. Alishona, akakuta ameunga ukili kinyume, akafumua. Akashona tena, akafumua tena. Mkwewe, Dahaba, aliyekuwa na mimba iliyokwisha kuwa nzito, alimtazama kwa pembe ya jicho.

"Mama, acha nikusaidie."

"Umeona ninashindwa?"

"Nimeona unafumua."

"Basi tazama mimba yako."

Bado akajuta mara moja, akamsogezea bakuli la maziwa. Alijua vizuri kinachomkalisha mwanamke yule macho wazi. Kiangazi kilikuwa mlangoni. Wakiondolewa Adarowi sasa, mbuzi wenye mimba wangetupa mimba zao njiani, na mtoto wa Dahaba angezaliwa mahali pasipojulikana, chini ya kivuli cha kuomba.

Hadal peke yake ndiye aliyekuwa na furaha. Aliingia jioni akitua kiriba, akasema, "Mama, watu wanababaika bure. Ni mche ule. Mbuzi walilala pale chini yake mwaka mzima kabla hatujakata, samadi tele. Wewe nenda, tazama, sema mche, turudi tunywe kahawa. Nani atabisha neno la Bado?"

"Umeutazama mwenyewe?"

"Nitautazama nini mimi? Nikitazama, nitaona mche."

Bado alivuta uzi wa mwaa, akauma ncha. Kisha akauliza swali ambalo, kwa kadiri alivyojua, lilikuwa limechelewa mwaka mzima.

"Mvua ile nilipokuwa mgonjwa. Ulisema korongo lilitiririka."

"Lilitiririka, ndiyo. Lilibeba hata jiwe analosalia Okir akija huku."

"Lilipita ukingo gani?"

Hadal alikuna kichwa. "Ukingo gani? Magharibi. Lilishuka kwa nguvu, likavunja pale kwenye mwamba mwekundu, likamimina lote magharibi. Mashariki hata changarawe haikulowa. Nakumbuka kwa sababu nilivuka upande ule na viatu vikavu."

Sindano ilisimama katikati ya ukili.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mama."

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli wake ulimlemea kuliko uongo ambao angeweza kumgombeza nao. Mvua ya mbinguni si mvua ya mti. Mwaka ule mgunga wa mashariki haukupata hata tone. Ulikuwa haujaulizwa, nao haukujibu. Yeye, aliyewafundisha wengine kwamba habari ina mbingu na ardhi na miti, alikuwa amepokea habari ya ardhi bila kuuliza ukingo. Akaukumbuka moshi. Akaelewa kwamba alikwisha kujua tangu siku ile ya moshi, ila alijifunika na umande.

"Kuna nini?" aliuliza Hadal.

"Hakuna. Kalale."

Alipobaki peke yake alipima mambo kwa utulivu, kama alivyozoea kupima kijiti. Habari ya ukingo huenda kila mtu alikuwa nayo, lakini aliyejua maana yake alikuwa mmoja tu. Mtu huyo ni yeye. Kisiki kilikuwa cha kuamuliwa kwa vidole vyake. Akisema mche, utakuwa mche.

Siku ya tatu wanaume walikusanyika upande wa kivuli cha jabali, jabana likizunguka. Mzee Okir alikuwa amekuja kwa ngamia kutoka bonde la pili. Mwanamke haketi katika kikao cha wanaume, kwa hiyo ilikubaliwa kwamba Bado na Nuriya waende kwenye kisiki wawili peke yao, kisha Bado atoe habari kutoka ndani ya hema lake, mkeka ukiwa umeshushwa, na wanaume wasikilize nje.

Wakaenda polepole, Bado na fimbo yake, Nuriya akiwa ameshika ncha ya nguo ya mwenzake.

"Wewe huoni, mimi sitembei," alisema Bado. "Onur angetuma mbuzi wawili ingekuwa afadhali."

"Mbuzi wangekula ushahidi."

Walifika. Chipukizi lilikuwa na urefu wa kiganja, majani yake madogo yamejikunja kwa jua. Lilisimama kando kidogo ya kisiki, limetenganishwa nacho na mchanga. Kulichimba kwa jembe kusingewezekana; kuliumiza ni kosa lile lile lililowaleta hapo. Bado alipiga magoti, goti lake likalia, akaguna. Akalaza kiganja juu ya mchanga, akaanza kuuondoa kwa vidole, chembe kwa chembe, kama mtu anayemfunua uso mtoto aliyelala.

Mche uliotokana na mbegu huwa na mzizi wake mmoja, mwembamba, unaoshuka wima kama uzi wa timazi. Bado alimwomba Mungu uzi huo. Vidole vilishuka. Shina jororo lilinyooka, likanyooka zaidi, na moyo wake ukaanza kuinuka pamoja nalo. Halafu, chini kabisa, shina likapinda. Likageuka kuelekea kwenye kisiki. Aliufuata mpindo huo kwa ncha ya kidole hadi akagusa gome la zamani, nene, lenye ufa, na pale walipokutana palikuwa na unyevu.

Hakuondoa mkono.

"Kimya chako kirefu," alisema Nuriya juu yake.

"Ninatazama."

"Sikiliza, Shamma." Ilikuwa miaka mingi tangu mtu amwite hivyo. "Mimi macho yangu unayajua. Wakiniuliza nitasema nililosikia kwako, sina jingine. Dahaba yuko miezi ya mwisho. Onur ni ndugu yangu, lakini mti ni mti, na mtoto ni mtoto. Nasema tu."

"Unasema tu."

"Nasema tu, na upepo unachukua."

Bado aliurudisha mchanga kwa kiganja, akaushindilia taratibu kuzunguka shina, akahakikisha hakuna jani lililofunikwa. Ilichukua muda. Nuriya alimpa mkono, akainuka. Njia nzima ya kurudi hakuna aliyetania.

Ndani ya hema alishusha mkeka, akaketi. Dahaba alikuwa pembeni, mikono juu ya tumbo, akimtazama usoni na kutafuta jibu huko. Bado hakuweza kumwangalia. Nje, sauti ya mzee Okir ikauliza kwa heshima, "Mama wa Hadal, tupe habari."

Angeweza kujibu kwa neno moja. Aliamua kuitoa habari yote, kwa utaratibu wake.

"Mbinguni," alisema, "mwaka jana palinyesha mvua kwenye vilele. Ardhini korongo lilitiririka, likavunja kwenye mwamba mwekundu, likapita magharibi lote. Mashariki hapakupita maji. Nilipewa habari nusu kwa sababu niliuliza nusu. Kwenye miti, mgunga wa Onur haukunywa, nami nikaudai majani. Nikasema umekufa. Leo nimegusa kwa mkono wangu. Chipukizi limeshika mzizi wa zamani. Mti ulikuwa hai. Mwenye shoka alifuata neno. Neno lilikuwa langu."

Nje, maji yakasikika yakichemka katika jabana la pili. Kisha mtu alisimama ghafla, changarawe zikalia, hatua zikaondoka upesi. Bado alizijua. Zilikuwa za Hadal. Dahaba alijifunika uso.

"Onur," alisema mzee Okir, "umesikia. Sharti ni lako."

"Nimesikia." Sauti ya Onur ilikuwa kavu. "Sharti linajulikana."

Hapo Nuriya, aliyekuwa ameketi nje ya kizingiti, akapaza sauti, jambo ambalo mwanamke wa umri wake hufanya pale tu anapoona wanaume wanakaribia kosa.

"Onur! Mwana wa mama yangu! Nani alikuwa na habari ya maji kupita magharibi? Wewe ulijua?"

"Nilijua korongo lilipita magharibi. Kila mtu alijua."

"Na ukamwacha akate! Ulijua mti wako haukunywa, wala hukumzuia! Basi wewe nawe uliuliza nini? Mimi nilikuwa pale kwenye kisiki. Angesema mche, ningesema mche, nawe ungekunywa kahawa ukashukuru. Haya, mfukuze. Kesho mti wako mwingine ukikauka, utamuuliza nani? Mimi? Nitakuambia una miiba!"

Mtu mmoja alicheka, akakohoa ili kuficha. Mzee Okir hakucheka, lakini alingoja, kama anayempa mwenzake nafasi ya kuvuka. Onur alimaliza kikombe chake. Aliomba kingine. Alipokimaliza nacho akasema, akichagua maneno:

"Hadal hatapeleka upembo kwenye miti yangu kiangazi hiki. Mbuzi wake watakula kinachoangushwa na upepo. Hema la mama yake lihamie kando ya kisiki, na lisitoke hapo mpaka chipukizi lipite kimo cha mdomo wa mbuzi. Likiumwa kabla ya hapo, na mbuzi yeyote, hata mbuzi wangu mwenyewe, idhini imekwisha."

Mzee Okir akauliza pande zote kama zimesikia. Zilikuwa zimesikia.

Kwa hiyo hapakuwa na furaha wala kilio. Mbuzi wangekonda, pengine baadhi wangekufa, wengine wangebaki. Mtoto angezaliwa Adarowi, ikiwa chipukizi la kiganja kimoja lingevumilia kati ya mamia ya midomo yenye njaa. Hema la Bado liling'olewa, likapakiwa juu ya ngamia mmoja, likasimamishwa upya kando ya kisiki, mlango ukielekea kwenye chipukizi.

Hadal alikuja kujenga boma la miiba kulizunguka. Alifanya kazi bila kusema, na mama yake naye hakumlazimisha. Aliketi kizingitini na mkeka wake mapajani, lakini kila mbuzi alipolia mbali, kichwa chake kiliinuka. Mara mbili alirusha kokoto kumfukuza mbuzi ambaye hakuwa hata na nia ya kuja.

Mchana ulipokuwa unalegea, Hadal alisimama chini ya mgunga mwingine, ameshika tawi lililoning'inia kwa gome tu. Alisita. Hakugeuka, lakini aliita:

"Mama. Hili limekufa?"

Zamani angemjibu alipoketi. Aliweka mkeka chini, akatafuta fimbo, akainuka kwa taabu, akaenda hadi pale. Akalivunja tawi mahali pembamba, akalikwangua karibu na shina, kisha akazunguka nyuma, upande ambao Hadal hakuuona, akakwangua na huko.

"Maji yalipita hapa mwaka huu?"

"Yalipita. Nimeona mimi mwenyewe. Ukingo huu huu."

"Basi limekufa. Likate."

Hadal akakata. Alipolivuta kwenda bomani, alipita karibu naye, akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama, "Usikanyage miiba, mama," akaendelea na kazi.

Bado alirudi kizingitini. Ulibaki ukili mmoja na pindo. Alishona bila kufumua, macho yakienda kwenye chipukizi na kurudi, sindano ikijua njia yake. Dahaba alitoka na bakuli la maziwa, akaliweka kando yake.

"Umemaliza, mama?"

Bado alipitisha kidole gumba kwenye pindo lote, akaugeuza mkeka, akapitisha na upande wa pili, mshono kwa mshono, hadi alikoanzia. Kisha akafunga fundo, akauma uzi.

"Nimemaliza," alisema, akaukunja.